Zamu ya Alhamisi

Mwalimu wa umeme alipiga pasi kwa makaa. Nianze hapo, maana hata leo watu wa mstari wetu waliobaki wakikutana, hapo ndipo wanapoanzia, na wanacheka kabla hata hawajamtaja. Mtu aliyewafundisha vijana wa shule ya ufundi jinsi umeme unavyopita kwenye waya, mtu mwenye swichi ukutani kama sisi sote, kila Jumamosi asubuhi alitoka nyuma ya nyumba na pasi yake nyeusi ya chuma. Aliijaza makaa kutoka kwenye mbabula, lile jiko letu la bati lenye matundu, akayapepea kwa kipande cha katoni mpaka machozi yakamtoka. Shati lake jeupe halikukosa jivu kwenye kola. Mganga hajigangi, tulisema, kisha tukaingia ndani.

Tulikaa Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, katika nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea makarani, mafundi na walimu wake, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Mstari wetu ulikuwa na nyumba sita zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mume wangu alifanya kazi kwenye karakana ya Mutoshi, nami nilikuwa bibi arusi mgeni, niliyefika kwa treni na masufuria mapya na maneno mengi mdomoni. Mwalimu alikuwa jirani yetu wa ukuta. Akikohoa tulimsikia, na sisi tukigombana bila shaka naye alisikia, ingawa asubuhi alitusalimu kana kwamba tumelala kama malaika. Alikuwa amefiwa na mkewe kabla sijafika, na hawakuwa na mtoto. Kwetu alikuwa Mwalimu tu, na mgeni aliyeuliza mwalimu gani aliambiwa, “Ule ya courant.” Courant ndivyo tulivyouita umeme, kwa neno la Wabelgiji wenyewe.

Umeme ule ulitoka kwenye maji ya Lualaba, huko Nzilo, ukapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na sisi tukapewa tone. Tone lenyewe liliingia mstari wetu kwa waya mmoja na kupita kwenye kisanduku kilichotundikwa ukutani mwa nyumba ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na fyuzi, kigae cheupe chenye uzi mwembamba wa waya. Umeme ukizidi, ule uzi unayeyuka na kukata njia, ili nyumba zisiungue. Fyuzi moja, nyumba sita, na katika tano kati ya hizo akina mama waliokuwa wamengoja pasi ya umeme kama watu wanavyongoja mvua. Unaweza kukisia. Miezi ya kwanza kila jioni ilikuwa giza na matusi.

Ndipo Mwalimu akatuita. Alituita wanawake, kwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba yake, na hilo peke yake lilikuwa jambo. Waume walisimama mbali wakitabasamu. Mume wangu, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, hakuweza kujizuia.

“Mwalimu, unafundisha banamuke mambo ya courant?”

“Ee, Tata. Njo bo banashikaka pasi. We unashikaka?”

Kweli, sisi ndio tulioshika pasi, na tulimpigia vigelegele Mwalimu.

Hakuandika kitu chochote siku ile. Alituuliza kuhusu posho. Kila juma kampuni ilitoa posho, unga na mafuta na samaki mkavu, na akina mama tulipanga foleni mbele ya ghala tangu alfajiri.

“Bamama betu, siku ya posho, bale ba nyuma banafanyaka nini?”

“Banasukuma!”

“Banasukuma mubaya,” aliongeza Mama Kyungu wa nyumba ya kwanza, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kengele, ambaye yeye mwenyewe alikuwa msukumaji hodari kuliko wote.

“Muzuri. Ile kusukuma njo volti. Bamama benye banapita ku mulango, ile njo ampea. Na mulango yenye iko kadogo, yenye inabakatalia kupita mbio, ile njo ohm. Munasikia?”

Tulisikia. Mpaka leo sijapata mtu aliyenieleza jambo lolote vizuri zaidi. Alitupa hesabu zenyewe: chukua volti, gawa kwa ampea, utajua mlango ni mwembamba kiasi gani. Chukua volti, zidisha kwa ampea, utapata wati, ndiyo nguvu yote inayotumika. Pasi zetu zilikuwa za aina moja, zilizouzwa duka moja. Volti zilikuwa mia mbili na ishirini, na pasi ilivuta ampea nne. Ukigawa, ohm hamsini na tano. Ukizidisha, wati mia nane na themanini. Alitufanya tuseme kwa pamoja, kama katekisimu, na Mama Kyungu alisema kwa sauti ya kushinda wengine hata pale alipokosea.

Kisha akatuonyesha kwa nini tulikuwa tunakaa gizani. Taa zetu zote zikiwaka zilivuta ampea tano. Pasi moja nne, jumla tisa. Fyuzi ilibeba kumi. Pasi ya pili ikichomekwa, kumi na tatu.

“Na kumi na tatu,” alisema, “haiingiake mu kumi, ata ukilomba rozari.”

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa zamu ya pasi. Nyumba ya kwanza Jumatatu, ya pili Jumanne, na kuendelea hivyo mpaka nyumba ya sita, Jumamosi. Jumapili ilikuwa ya Mungu. Yangu ilikuwa nyumba ya tano, Ijumaa. Nyumba ya nne ilikuwa yake mwenyewe, Alhamisi, ambayo kwetu huitwa siku ya ine, na ndiyo iliyotushangaza, kwa sababu Mwalimu hakupiga pasi ya umeme. Ilikuwa zamu tupu. Mama Kyungu, mwenye watoto wengi na sare zao za shule, aliiona nafasi hiyo mara moja.

“Mwalimu, siku ya ine haina mutu. Unipatie mi.”

“Siku ya ine iko na mutu.”

“Nani?”

Mwalimu aliinama kuokota kiti chake, akaingia ndani. Mlango aliufunga polepole, na hilo ndilo lililotutisha. Hakuna aliyeuliza tena.

Siku za zamu ungeweza kujua bila kutoka nje. Pasi ilipochomekwa, taa za mstari mzima zilififia mara moja, kidogo tu, kisha zikazoea. “Mama ya nyumba ya pili ameanza,” tungesema, tukiendelea kula. Alhamisi taa zilitulia jioni nzima. Nilipendelea kushona siku ile.

Sitaki umwone kama mtu wa huzuni. Alikuwa na vituko. Mtu aliyeshika nyaya bila kupepesa macho alimwogopa jogoo wa Mama Kyungu. Jogoo yule mwekundu alikuwa na tabia ya kurukia suruali ndefu, na Mwalimu, ambaye alitembea kwa haraka kama mtu aliyeitwa, aliizunguka mistari miwili mizima ili asipite mbele ya nyumba ya kwanza. Mume wangu alimuuliza kama jogoo naye ana volti. “Huyu haina fusible,” alijibu Mwalimu, akiitaja fyuzi kwa neno la Wabelgiji. Na tunajua kwamba alisema kweli, kwa sababu siku moja alichelewa shule, akajaribu kukatisha, na tulimwona mwalimu mzima wa shule ya ufundi akikimbia na mkoba kichwani.

Alikuwa na mazoea ya kugusa kuta. Ukimkaribisha, kabla ya kukaa aliweka mgongo wa mkono wake ukutani pale waya ulipopita, akausikiliza kama anavyofanya mtu na paji la uso la mtoto mgonjwa. Kila mara mgongo wa mkono, kwa sababu, alituambia, kiganja kikikuta umeme hukaza na kung’ang’ania. Kitu chochote chenye joto alikigusa hivyo, hata kikombe cha chai. Shuleni, vijana walisema, hakumruhusu mtu yeyote kugusa waya kabla ya kutamka hesabu yake kwa sauti. “Hesabu mbele, kidole nyuma.” Aliyebahatisha jibu sahihi bila kuonyesha njia alipata sifuri. Aliyekosea huku njia yake ikionekana alipata nusu, na kupigwa begani. Wanafunzi walimlaumu kwa hilo. Mimi nadhani ndilo jambo la huruma kuliko yote aliyofanya darasani.

Hasira yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya shaba.

Kolwezi shaba ni kama mawe. Waume walirudi kutoka kazini na vipande vya waya mifukoni, watoto walitengenezea magari ya kuchezea, wanawake walifungia vifuniko vya masufuria. Kwa hiyo fyuzi ilipokatika, njia rahisi kwa mtu wa kwetu ilikuwa kuchukua kipande cha shaba nene kama kijiti cha kiberiti na kukikaza kwenye kile kigae. Umeme ulirudi hapo hapo, na haukukatika tena, hata ukichomeka pasi ngapi. Watu walijisifu. “Fusible ya shaba haifwake,” walisema.

“Ee, haifwake,” alijibu Mwalimu. “Inaacha nyumba njo ikufwe.”

Alisema hivyo mara nyingi, na tulimwona kama mzee mwenye wimbo mmoja, mpaka mstari mmoja upande ule mwingine wa Dilala ulipoungua paa. Shaba ilikuwa imekataa kukatika, waya ndani ya ukuta ukapata moto, na moto ukapanda mbaoni. Hakuna aliyekufa. Mwalimu alitupeleka sote kuona, wanawake na waume. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama uani na kigoda kilichoungua mguu mmoja, hajui akiweke wapi. Mwalimu alikichukua kile kigoda mkononi mwake, akakiegemeza vizuri ukutani, akamwambia pole. Tangu siku ile kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na kiberiti kisicho na njiti, kimejaa uzi wa kweli wa fyuzi kutoka karakana ya shule, na fyuzi ya mstari wetu ilitengenezwa na yeye peke yake.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wake, katikati ya baridi. Mtu asiyejua nyanda zetu hudhani Kongo nzima ni joto. Kolwezi mwezi wa sita na wa saba, asubuhi majani yanakuwa meupe na sakafu ya saruji inakuuma nyayo. Masista wa hospitali walinikalisha mpaka mtoto alipoanza kunyonya, kisha wakaniruhusu. Sista aliyemfunga blanketi alinishika mikono yote miwili, akaniambia neno moja tu nilishike: asipoe. Paja la mwanangu lilikuwa nene kama kidole gumba changu. Tulimwita Ngalula, jina la bibi yake, na nililitamka kwa woga, kama mtu anayeazima kitu.

Niliingiza mbabula chumbani, nikafunga dirisha. Nilidhani nimefanya vizuri. Siku ya pili mtoto alianza kukohoa, kikohozi kidogo cha paka, na mara nikasikia hodi. Mwalimu hakuwahi kuingia kwetu mume wangu akiwa kazini. Safari hii aliingia bila kungoja jibu, akalinyanyua lile jiko lenye makaa ya moto kwa mikono yake, akalitoa uani, akafungua dirisha.

“Mama, moshi ya makala itamumaliza mutoto mbele ya baridi.”

“Basi nifanye nini, Mwalimu? Baridi itamumaliza vilevile!”

Nilikuwa nalia. Alisimama, akatazama kitanda, akatazama taa ya darini, midomo yake ikicheza. Nilijua anapiga hesabu.

Jioni alileta kasha la sabuni alilolifanyia kazi. Lilikuwa na ghorofa mbili. Chini kulikuwa na taa nne, juu yake bati, juu ya bati pamba na shuka, na matundu ya hewa pande zote. Taa aliziunga mbili mbili, moja nyuma ya nyingine, ili umeme upite milango miwili myembamba badala ya mmoja. Kwa hiyo hazikuwaka kwa ukali. Zilikuwa nyekundu kama makaa yanayolala, zikatoa joto la taratibu tu. Alinifanya nipige hesabu naye pale pale, mimi na macho yangu yaliyovimba. Taa zote nne pamoja zilivuta kama robo ya ampea. Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya pamba, akangoja, akachomoa, akaongeza tundu, akaweka tena. Aliporidhika ndipo aliponiambia nimlaze mtoto. Ngalula alinyoosha vidole vyake. Sijawahi kuona mtu akifurahi kimya kimya kama Mwalimu alivyofurahi.

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba kuomba jambo zito. Aliomba zamu ya pasi isimame mpaka baridi iishe.

“Lakini Mwalimu,” alisema mama wa nyumba ya sita, “robo ya ampea ni kitu kadogo. Tulisoma na weye.”

“Ni kadogo. Lakini courant haina ndugu, Mama. Fusible ikikatika, haitauliza kama ni pasi ao mutoto.”

Lazima ujue alichoomba. Kwa watu wetu, nguo isiyopigwa pasi ni aibu ya ukoo mzima. Mtu anaweza kulala na njaa, lakini Jumapili atatoka na mikunjo ya suruali iliyosimama wima. Hata hivyo walikubali, wote wanne, na Mama Kyungu ndiye wa kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Pasi zao za zamani za makaa walikuwa wamekwisha kuzigawa kwa jamaa, kwa kiburi cha umeme, hivyo pasi nyeusi ya Mwalimu, ile ile tuliyoicheka, ikaanza kuzunguka mstari mzima. Kanisani kila kola ya mstari wetu ilikuwa na jivu. Padri alituuliza kama Kwaresima imerudi bila yeye kuambiwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri, mawingu yameshuka, upepo wa baridi unalia kwenye mabati. Mama Kyungu alikuwa amepata samaki wa Bukama, na kwa kuwa makaa yalikuwa yamelowa, aliazima jiko la umeme kwa dada yake ili anipikie mchuzi wa kuongeza maziwa. Nia njema tupu. Lakini jiko lile hakuna aliyewahi kuhesabu ampea zake, na shemeji yake, mgeni aliyefika asubuhi ile asijue lolote la zamu, aliona pasi imekaa bure, akaichomeka anyooshe gauni. Taa za mstari zilififia, na hazikurudi.

Nilitazama kasha. Ule wekundu wa chini ulikuwa umezimika.

Nilimtoa Ngalula, nikamweka kifuani ndani ya nguo, wanawake wakanizunguka na vitenge vyao, na bado nilihisi vidole vyake vikipoa kwenye ngozi yangu. Nje palikuwa na kelele. Mwalimu alikuwa mbele ya kisanduku, kiberiti chake wazi mkononi. Kilikuwa kitupu. Alikuwa ametumia kipande cha mwisho kwenye mstari wa jirani juma lililopita, na shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Mama Kyungu alikuwa akilia na kumpa kipande cha shaba, kinene, kinachong’aa.

“Tia, Mwalimu! Tia tu! Leo tu!”

“Hapana.”

Nilitoka na mtoto kifuani. “Mwalimu, minakulomba. Mutoto anapoa. Tia shaba.”

“Hapana, Mama. Bale benye nyumba yabo iliungua kule, nabo balisemaka leo tu.”

Nilimchukia. Nasema waziwazi, saa ile nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Aligeuka, akaenda kwake kwa ile haraka yake, akapita mbele ya jogoo bila hata kumwona.

Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe cha kushonwa maua. Akakifungua juu ya kigoda mbele yetu. Ilikuwa pasi ya umeme, mpya, uso wake haujaguswa na joto, kamba yake bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Alichukua kisu, akakata ile kamba. Ndani yake shaba ilikuwa imesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba kama nywele. Alichambua uzi mmoja, akauinua kwenye mwanga, midomo ikacheza. Hesabu mbele. Nilitaka kupiga kelele.

“Moja,” alisema. “Kwa taa na mutoto, moja inatosha. Mutu akitia pasi, itakatika, na iko haki yake kukatika.”

Alikaza uzi ule kwenye kigae, akakisukuma mahali pake. Kutoka dirishani kwangu, kasha la sabuni likawa jekundu tena.

Jioni, mtoto akiwa amelala na amepata joto, nilikwenda kumshukuru. Nilimkuta amekaa na ile pasi mapajani, kamba yake imekatwa. Nilimuuliza kwa nini hakukata ya mtu mwingine, kamba za pasi zilikuwa tano mstarini.

“Ya benu inatumikaka,” alisema. “Hii ilikuwa inalala tu.”

Mengine nilielezwa na Mama Kyungu, aliyekuwepo tangu mwanzo. Kampuni ilipoahidi umeme, Mwalimu alimnunulia mkewe pasi kabla hata nguzo hazijasimamishwa. Mkewe aliishonea kitambaa, akawaonyesha majirani wote. Aliugua nyaya zikiwa bado barabarani. Zilipofika ukutani, yeye alikuwa makaburini. “Lakini mi sikujuaka kama siku ya ine ilikuwa ya ule Mama,” alisema Mama Kyungu, akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. “Nami niliilombaka kama mujinga.”

Ngalula alinenepa. Baridi ikaisha, kasha la sabuni likawa la kuwekea viatu, zamu ikarudi kama zamani, na Alhamisi ikabaki tupu kama zamani. Mtoto alipoanza kutembea, mlango wa kwanza aliousukuma ulikuwa wa Mwalimu. Alimwita Tata Courant, yaani Baba Umeme, na Mwalimu, ambaye hakupenda utani wa jina lake, aliitika.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila mtu alizungumzia kuondoka kwa Wabelgiji, na katikati ya furaha watu walianza kuulizana nani ni wa wapi. Wengi waliotoka jimbo la Kasai, walioitwa sasa wageni, walifunga masanduku. Mwalimu naye alikuwa wa Kasai, na ingawa mstarini kwetu hakuna aliyemwambia neno baya, alipata kazi katika shule ya kwao, akaamua kwenda. Treni yake ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Siku moja kabla, jua likizama, alibisha hodi. Mkono mmoja alishika shati jeupe, lililofuliwa na kukunjamana. Mkono wa pili alishika ile pasi. Ilikuwa na kamba mpya.

“Mama Ngalula, leo ni siku ya ngapi?”

“Siku ya ine, Mwalimu.”

“Basi. Ni zamu yetu.” Alitazama miguu yake. “Mi sijuake kutumikisha pasi ya courant. Unisaidie.”

Mwalimu wa umeme! Wakati mwingine wowote ningecheka mpaka mume wangu atoke chumbani. Nilitandika blanketi mezani. Ngalula alipanda kitini aone. Niliposhika plagi, Mwalimu aliinua kidole, nami nikakumbuka, nikasema hesabu yote kwa sauti. Volti mia mbili na ishirini, ampea nne. Ohm hamsini na tano. Wati mia nane na themanini. Aliitikia kwa kichwa, nikachomeka.

Taa zilififia kidogo, kisha zikazoea.

Nikasikia mlango ukifunguka upande wa nyumba ya kwanza, na sauti ya kengele, “Nani anashika pasi siku ya ine?” Halafu mlango mwingine, na mwingine. Walikuja mmoja mmoja, wakasimama mlangoni kwangu. Mama Kyungu alifungua mdomo, akaona kitambaa cha maua juu ya kiti, akaufunga. Nilipiga pasi polepole, mikono, mgongo, kola mara mbili, hata pale palipokwisha kunyooka.

“Alisemaka ya kwanza itakuwa shati yangu,” Mwalimu alisema, akikitazama kitambaa cha mkewe, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Nilipomaliza aliweka mgongo wa mkono wake juu ya shati, akauacha pale muda mrefu. Kisha akavaa lile shati likiwa na joto lake, juu ya fulana, mbele yetu sote, akafunga vifungo mpaka shingoni.

“Iko moto,” alisema.

“Ee, Mwalimu,” nilisema. “Iko moto.”

Asubuhi tulimsindikiza kituoni, mstari mzima. Ngalula nilimbeba begani amwone. Mwalimu alikuwa amekaa dirishani, pasi mapajani katika kitambaa chake, na treni ilipoanza kusogea alituinulia mkono. Nilitazama kola yake mpaka sikuiona tena. Ilikuwa nyeupe, haina jivu.